Utambi wa Uzi wa Gunia

Jina lake niliwahi kuambiwa, nikalisahau, na nadhani hata yeye hakulihitaji sana. Sisi tuliovuka kutoka Kongo tulimwita Mama wa Buji, kwa sababu kwetu buji ndiyo mshumaa. Wabemba wa Nchelenge, wenyeji wetu upande huu wa mpaka, walilichukua jina hilo hilo bila kuuliza maana yake. Alikaa nyuma ya soko la samaki, katika nyumba ya matofali mabichi yenye chumba kimoja cha kulala, na nyuma ya chumba hicho stoo isiyo na dirisha. Ndani ya stoo ile mlikuwa na mshumaa wa mama yangu, kwa miaka mingi kuliko ninavyopenda kukiri.

Habari za mshumaa huo nitazifikia. Lakini siwezi kuzisema kabla ya kumsema mwenye stoo, maana hata leo sijui vizuri ni nani kati yetu aliyekosea.

Kazi yake haikuwa kuuza mishumaa mipya. Mishumaa mipya iko dukani, alisema, na ya dukani inalia sana na kuangaza kidogo. Watu walimletea iliyokufa. Mmoja utambi wake umezama ndani ya nta kama mtu aliyeangukia kisimani, mwingine umeliwa na panya upande mmoja, mwingine umevunjika vipande vitatu ndani ya mfuko wa plastiki. Aliukwaruza kwa ukucha, akaunusa, kisha akauma kidogo pembeni, akatafuna na kutema. Kwa meno alijua kama ni nta safi, au kama mtengenezaji alikuwa ameongeza mafuta ya kupikia. "Huyu mutu ni mwizi," aliweza kusema akiwa bado anatafuna, na hakuna aliyejua anamsema nani.

Mshumaa mnene aliutibu bila kuuyeyusha. Alichukua waya wa gurudumu la baiskeli, akauchoma kwenye makaa ya mbaula, jiko lake la bati, akaupitisha katikati ya mshumaa polepole, akiuzungusha, hadi utokee upande wa pili. Humo akapitisha utambi mpya. Mshumaa uliovunjika aliuyeyusha ndani ya kopo la maziwa ya unga, na kopo lile alilisimamisha ndani ya sufuria ya maji. "Nta haiendake kwa moto," alisema. "Inaendaka kwa mayi yenye kujua moto." Akaichuja kwa kitambaa, akaimwaga ndani ya bua la jani la mpapai, lile bua refu lenye uwazi katikati. Nta ikipoa, alichana bua kwa wembe, na mshumaa ukatoka umenyooka, mwembamba, wa rangi ya kijivu iliyochanganyika na njano. Wenye mipapai wa mtaa ule walilalamika mwaka mzima. Miti yao ilibaki na nywele juu tu, kama askari.

Utambi aliutoa kwenye magunia ya unga wa mahindi. Mdomo wa gunia umeshonwa kwa uzi mweupe wa pamba, na kwake uzi ule ulikuwa na thamani kuliko unga wenyewe. Mwisho wa mwezi alipita nyumba kwa nyumba, na hakuomba chakula. Aliomba aachiwe yeye kufungua gunia. Alijua ncha ya kuvuta. Ukivuta ncha sawasawa, mshono wote unafunguka mara moja, krrrr, na uzi unabaki mkononi mzima. Ukikosea ncha unajifunga, na kwa hiyo wengi wanachukua kisu na kukata. Kwake hiyo ilikuwa dhambi.

Siku moja nilikuwapo alipomkuta mke wa mwalimu na kisu mkononi.

"Weye mama! Unapasua gunia na kisu?"

"Gunia si langu?" yule mwanamke akajibu.

"Gunia ni yako. Uzi ni ya batu."

"Watu gani hao?"

"Bale batakuja kulia kwako siku utakufa. Batalilia mu giza?"

Mke wa mwalimu alicheka kwa hasira, lakini kisu alikiweka chini. Nilimwona.

Nyuzi tatu alizisuka pamoja, akazilowesha katika maji ya chumvi, akazianika kwenye kamba kama nguo za mtoto mchanga. Nilimwuliza chumvi ni ya nini. Mara ya kwanza alisema inazuia utambi kuungua haraka. Mara ya pili alisema ni ya kufukuza panya. Mara ya tatu akasema, "Na weye, mbona unatiaka chumvi mu chakula?"

Hivyo ndivyo alivyokuwa katika mambo mengi. Ukimwuliza kazi hii alijifunza wapi, jibu lilitegemea siku. Kuna siku alifundishwa na masista wa kizungu. Siku nyingine alifundishwa na marehemu mume wake, aliyekuwa fundi wa baiskeli, na ndiyo sababu ya ule waya. Siku nyingine hakufundishwa na mtu. Alikuwa amejificha porini siku nyingi wakati wa vita, na mshumaa mmoja ulikuwa ukifa kila jioni, basi akajifunza kuufufua. Nilizoea kuamini habari ya mwisho kwa sababu ndiyo iliyoniuma zaidi. Sasa siioni tena kuwa sababu nzuri ya kuamini kitu.

Alisali katika kanisa la maombi, lile la spika mbili kubwa, ambako mishumaa hairuhusiwi. Mchungaji wake alimwita mbele ya wazee.

"Mama, tunasikia unawatengenezea Wakatoliki sanamu zao."

"Sanamu hapana, mchungaji. Ni utambi tu."

"Na wakiwasha?"

"Bao banawashaka. Mi siwashake. Mi nabadilishaka."

Walimwacha, kwa sababu hawakujua waanzie wapi. Umeme ulipoanza kukatika kutwa nzima na siku iliyofuata pia, mke wa mchungaji alikuja na katoni ya vipande. Mama wa Buji alipokea kwa heshima zote, akampa kiti, akamwuliza watoto hawajambo. Malipo yake ya kawaida yalikuwa kijiko kimoja cha nta ya mteja, nacho kiliingia katika chungu chake mwenyewe, ambacho alikitumia kutengeneza mishumaa ya kupeleka matangani bila kudai kitu. Kwa mke wa mchungaji alichota vijiko viwili.

"Viwili?" mke wa mchungaji akauliza.

"Kimoja cha kazi. Kimoja cha sanamu."

Na yeye mwenyewe, usiku, hakuwasha mshumaa hata mmoja. Alikuwa na taa ya sola. Mchana aliianika juu ya bati la nyumba ishibe jua, na jua likizama aliiteremsha kama mtu anayeteremsha kuku. Nilipomwuliza, alisema mshumaa ni wa kukumbuka. Kuona ni kazi ya taa. Kesho yake nikamsikia akimwambia mtu mwingine kwamba taa ya sola ni ya wavivu.

Mzaha mkubwa wa stoo ile ulikuwa wa mvuvi mmoja wa kisiwa cha Chisenga. Alikuwa mtu wa maneno mengi, na aliona haina haja kumsumbua mama kwa utambi wakati yeye ana nyavu. Alichukua uzi wa nailoni wa kushonea nyavu, akautia katikati ya nta, akaupeleka mshumaa wake kwenye harusi ya dada yake. Ulipowashwa, utambi uliyeyuka kabla ya nta. Matone meusi yakaruka mezani, kitambaa cha bibi harusi kikapata tundu, na harufu ikawafukuza wazee. Alikuja kwa Mama wa Buji akiwa na kile kilichobaki, kitu cheusi kama jino bovu.

"Awe, hapana, mama," alisema, akikataa aibu kabla haijafika. "Uzi huu unavuta samaki mkubwa mpaka ndani ya mtumbwi. Umeshindwaje na moto mdogo hivi?"

"Samaki iko ndani ya mayi, papa," alijibu, maana kila mwanamume alimwita papa, yaani baba. "Ulishaona samaki inawaka?"

"Hapana."

"Bon. Ulizia kwanza uzi iko inajua nini, mbele ya kuipa kazi."

Tangu siku ile, mtu akipewa kazi isiyomfaa pale sokoni, watu walimwita nailoni. Mimi pia niliitwa hivyo mara moja, nilipojaribu kuwa karani wa mnunuzi wa samaki kwa wiki mbili. Sikubisha.

Mishumaa yote ikitoka katika bua la mpapai inafanana, kwa rangi na kwa unene. Kwa hiyo alikuwa na njia ya kuitambua. Katika nyuzi tatu za gunia alisuka uzi wa nne, wa mwenye mshumaa, uliotolewa kwenye kitu chake. Mwingine alileta uzi wa shati, mwingine wa mkeka, mwingine unywele wa mtoto. Uzi huo aliuacha uning'inie chini ya mshumaa, urefu wa nusu kidole, kama mkia. Ukitaka kujua mshumaa ni wa nani, unaugeuza na kutazama mkia. Na stoo yake ilikuwa na utaratibu. Ya watu wa karibu ilikaa ndani kabisa, kwa sababu wao wanaweza kungoja. Ya watu wa visiwani ilikaa katikati. Ya watu wa safari ilikaa kwenye ubao mdogo karibu na mlango. "Mutu ya safari anakujaka na viatu mu miguu," alisema. "Hana saa ya kutafutiwa."

Mimi nilikuwa mtu wa safari.

Mama yangu alitoka Pweto, kule Kongo, na mshumaa ndani ya kopo, akapita nao Chienge kwa miguu, akafika nao Nchelenge. Aliuwasha kidogo kila Pasaka, dakika chache, kisha akauzima. Alipougua mara ya mwisho utambi ulikuwa umezama, mshumaa hauwaki tena. Aliniambia niupeleke ukatengenezwe, na siku nitakayomwekea msalaba wa saruji juu ya kaburi, niuwashe pale hadi uishe. Hakuniomba kitu kingine. Nilimzika chini ya msalaba wa mti, na wiki iliyofuata nikaupeleka mshumaa kwa Mama wa Buji, pamoja na uzi wa bluu nilioutoa kwenye pindo la kikwembe, kitenge cha mama.

"Kisha siku mbili uje," aliniambia.

Baada ya siku mbili nilikuwa juu ya lori la samaki likienda Mansa. Kulikuwa na kazi, au nilisikia kuna kazi. Sikumbuki tena. Niliporudi mara ya kwanza nilikuta mlango umefungwa, naye yuko Kafutuma, kwenye kituo cha afya, amempeleka binti wa dada yake kujifungua. Sikungoja. Mara ya pili nilipita barabarani, nikauona moshi wa mbaula yake, na sikuingia, kwa sababu sikuwa na hela ya saruji na niliona aibu. Mara ya tatu niliingia. Aliutoa kwenye ubao wa mlangoni bila kutafuta, akaugeuza, akanionyesha mkia wa bluu. Ulikuwa mwembamba sasa, urefu wa kiganja.

"Njo huyu mama yako," alisema. "Beba."

Nami nikamwomba aendelee kuutunza. Nilimwambia natembea sana, utavunjika. Huo ulikuwa ukweli. Lakini nadhani nilipenda kujua kwamba kuna mahali nina kitu kinachoningoja. Alinitazama kama alivyotazama nta iliyotiwa mafuta ya kupikia, akaurudisha kwenye ubao.

Mwaka huu nimerudi na mifuko miwili ya saruji. Nilipata fundi, akaumwaga msalaba, ukakauka vizuri. Basi langu lilikuwa la kesho yake alfajiri. Mchana ule, kama saa sita hivi, nilikwenda kwa Mama wa Buji nikitaka mshumaa tu, niuwashe kaburini kabla jua halijazama.

Binti wa dada yake alikuwa mlangoni akikaanga vitumbua. Ni mama wa watoto watatu sasa.

"Ingia, kaka," alisema. "Lakini usimuharakishe. Siku hizi anachanganya. Jana ameniita jina la mama yangu, na mama amekufa zamani."

Nilimkuta amekaa kitandani, mdogo kuliko nilivyomwacha, na vidole vyake vikisuka hewa.

"Weye ni ule wa Chienge," alisema. "Ule wa kuuza batri."

"Hapana, mama. Mimi ni mtoto wa yule mama wa Pweto. Nilikuachia buji."

"Pweto." Alifikiri. "Mama yako alikuwa mufupi?"

"Mrefu."

"Alor, simujui."

Nikaanza kumweleza kuhusu lori, kuhusu aibu yangu, mambo ambayo hakuyauliza. Akanikata katikati.

"Bluu," alisema. "Uzi ya bluu ya kikwembe. Nilisuka mie mwenyewe, na kikwembe ilikuwa ya zamani, uzi ilikatika mara mbili." Akasimama, akinishika bega. "Sura inanitorokaka, papa. Utambi hapana. Twende tuitafute."

Stoo ilikuwa giza kama ndani ya chungu, ingawa nje jua lilikuwa kali. Taa ya sola ilikuwa juu ya bati. Simu yangu ilikuwa imezima tangu jana, umeme hakuna mtaa mzima. Akanyoosha mkono kwenye rafu, akachukua mshumaa bila kuutazama, akauwasha kwa kaa la mbaula, akaubandika juu ya kifuniko cha kopo, akanipa.

"Shika weye. Macho yako ni mapya."

Tulianzia ndani kabisa. Kila mshumaa wa huko ulikuwa umefungwa katika karatasi. Alifungua, akaugeuza, akapapasa mkia, akanionyesha kwenye mwanga.

"Hii?"

"Nyekundu, mama."

"Ya ule wa Kafutuma. Alioa mara mbili, buji ni moja. Na hii?"

"Nyeusi."

"Siyo nyeusi. Ni nywele. Angalia muzuri."

Zilikuwa nywele. Tuliendelea. Kijani, nyeupe, kahawia, kamba ya mkonge. Mingine wenyewe walikuwa wamekufa na alinitajia jinsi walivyokufa, na kwa wengine sikujua kama amekumbuka au ametunga. Mmoja alisema ni wa mke wa mchungaji, akacheka peke yake muda mrefu. Mara mbili alinipa mshumaa ule ule. Mara moja akaniuliza tunatafuta nini, nikamwambia, akasema, "Bluu, ndiyo, bluu," kana kwamba mimi ndiye niliyesahau. Nje vitumbua viliendelea kulia mafutani. Nilijua jua linashuka, na kwamba fundi alikuwa ameniachia ufunguo wa uzio wa makaburi nirudishe jioni ile ile. Nilianza kufungua karatasi kwa mkono mmoja, haraka, nikichana.

Tulipofika kwenye katoni za visiwani, mshumaa niliokuwa nimeshika ukainama. Tone la moto likaniangukia kifundo cha mkono. Niliung'oa kwenye kifuniko ili niubandike upya umesimama, na nilipoung'oa, kitu kikaning'inia kati ya vidole vyangu. Niliinua nitazame.

Uzi wa bluu, nusu kidole.

Hapo ndipo nilipokumbuka, si kabla. Rafu aliyonyooshea mkono ilikuwa ubao mdogo wa mlangoni, wa watu wa safari. Nilikuwa nimeuona mwenyewe mara ya tatu. Nilikuwa nimeusahau, na yeye alikuwa ameusahau, au labda mkono wake ulikumbuka na kichwa chake hakikuambiwa. Sijui. Kilichobaki juu ya mkia ule hakikupita kiungo cha kwanza cha kidole gumba, na kilikuwa kikiwaka vizuri sana, wima, bila moshi, kama alivyokuwa akijisifu.

Nilimtazama. Alikuwa amenipa mgongo, mikono yote miwili ndani ya katoni, akipapasa mikia mmoja mmoja na kunong'ona, "Bluu, papa, bluu, uko fasi gani, batu banakungoja." Nilifungua mdomo nimwambie. Lakini kipande kilikuwa kikiisha mkononi mwangu, na kilikuwa cha kaburini. Aliwahi kunifundisha kwamba mshumaa hauzimwi kwa pumzi. Nilitia mate kwenye vidole viwili, nikaubana utambi. Ukaniunguza, ukafa.

Giza likarudi, pamoja na harufu ya pamba iliyoungua. Nta ilikuwa ya moto ndani ya ngumi yangu. Nikasikia mikono yake imesimama ndani ya katoni.

"Nani huyo anazima?" alisema. "Sasa tutaitafuta na nini?"